Kamera Yangu, Darubini ya Wenyewe

Kosa langu lilikuwa kulisema mbele za watu. Ningekwenda kimya kimya nikainunua, kama mtu anavyonunua dawa ya minyoo, haya yote yasingenifika. Lakini siku ile mshahara ulikuwa umeingia, chai ya saa nne ilikuwa na maziwa ya ngamia, na katika ule uchangamfu wa watu wenye hela nikajisahau, nikasema pale chumba cha walimu: "Wenzangu, nataka kununua kamera."

Ungedhani nimesema natafuta mke wa pili. Kila mtu alikuwa na binti wa kunipendekezea.

Mwalimu wa fizikia, ambaye hana kamera na hajawahi kuwa nayo, aliweka kikombe chini taratibu kama imamu anayepanda mimbari. "Cha kwanza," akasema, "ni sensa." Mzee wetu wa stoo, aliyekuwa amesinzia kando ya mlango, akafumbua jicho moja. Huku Garissa neno hilo halitamkwi ovyo ovyo. Sensa ya 2009 matokeo yake yalifutwa mwaka uliofuata katika wilaya nane za kaskazini, Lagdera ya hapa hapa kwetu ikiwa mojawapo, eti hesabu imezidi. Mzee akataka kujua kama serikali inakuja kutuhesabu tena. Ilibidi aelezwe kwamba sensa hii ni kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kwamba iko kubwa, ya milimita 36 kwa 24, sawa na mkanda wa filamu za zamani, na iko ndogo, ya milimita kama 22 kwa 15. Na kwamba kubwa inaona zaidi lakini bei yake ni ya ng'ombe wawili. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Kubwa wataifuta," akasema, akarudi usingizini.

Huo ndio ushauri pekee niliopata mwaka ule ambao haukunigharimu kitu.

Nieleze kwanza nilikuwa nataka kamera ya nini, maana hata nyumbani Witu mama watoto aliuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu ambaye ameshahesabu karo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Masalani, mwaka wa saba sasa. Jirani zangu ni mto Tana, vumbi, vichaka vya mathenge, na hirola. Huyo wa mwisho ndiye aliyeniponza. Hirola ni mnyama wa ukoo wa kongoni na nyamera, rangi ya mchanga, mkia mweupe, pembe za kistaarabu, na usoni ana mstari mweupe unaounganisha macho kama fremu ya miwani. Chini ya kila jicho ana tezi nyeusi, ndiyo maana wengine humwita swala mwenye macho manne. Ukimtazama vizuri anafanana na mkaguzi wa shule. Wamebaki chini ya 500 duniani kote, na wengi wa hao wako hapa hapa Ijara na kandokando yake. Miaka ya sabini walihesabiwa kwa maelfu. Kisha yakaja maradhi ya sotoka, ukame, simba, majangili, nyasi kumezwa na vichaka, na kila kitu kinachowapata wakazi wa huku isipokuwa uchaguzi.

Mwingereza mmoja aliyeitwa Hunter alimwona 1888, wenzake wakampa mnyama jina lake, kana kwamba Wasomali, Wapokomo na Waboni waliokuwa wakiishi naye walikuwa wakimwita "wewe". Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuwahamisha baadhi kuwapeleka Tsavo, watu wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kuwatetea. Sasa fikiria: mnyama ana kesi yake mahakamani, ana hifadhi yake ya jamii pale Ishaqbini, ana boma lililozungushiwa ua tangu 2012 walipoingizwa 48 ili simba wasiwafikie, wageni wanavuka bahari kuja kumwona, na mimi ninayelala karibu naye sina picha yake hata moja. Ninayo moja ya simu. Inaonyesha kichaka. Ukiikuza, inaonyesha kichaka kikubwa zaidi, na upande wa kushoto doa la kahawia. Niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili, mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo ni alama ya chai?"

Ndipo nikaapa.

Basi nikarudi kwa wataalamu. Mwalimu wa fizikia alikuwa upande wa sensa. Karani wa ofisi alikuwa upande wa megapikseli. Kwake yeye kamera ni kama shamba, kinachoulizwa ni ekari. "Ya simu yangu ni 108," akasema. Nikamwambia kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoiunda Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilikuwa na nukta elfu kumi tu, yaani sehemu moja ya mia ya megapikseli; ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu na zaidi, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Akafikiri kidogo. "Sekunde 23," akasema, "ni kama intaneti ya hapa." Na hao Kodak waliovumbua kitu hicho ndio waliofilisika 2012 kwa sababu ya kitu hicho hicho. Nilitaraji habari hiyo imtie huzuni. Akauliza ilikuwa shilingi ngapi.

Lakini mtesi wangu mkuu alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada, anayeuza vifaa vya simu Eastleigh. Yeye alikuwa ananitumia sauti kwenye simu, moja dakika nne, nyingine saba, kelele za makanga nyuma, na kila moja ilianza kwa "Mjomba, nisikize."

"Mjomba, nisikize. Usinunue ya kioo. Kamera za kioo zimekufa."

Kwa wasiojua ugomvi huu, na nawaonea wivu: kamera za aina ya zamani zina kioo kidogo ndani, kimelazwa mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga unaingia, unagonga kioo, unapanda juu, unafika jichoni mwako kupitia kitundu cha kuchungulia. Unachokiona ni kitu chenyewe, mbashara, kama unachungulia dirishani. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu, klak, mwanga unafika kwenye sensa, kioo kinarudi chini. Hizi za siku hizi wamekitoa kioo. Ndani ya kitundu wameweka runinga ndogo, unaona kile ambacho sensa inaona. Ni nyepesi, zinalenga jicho la mnyama zenyewe, hazipigi kelele. Mpwa alinikumbusha kwamba Canon wenyewe walishatangaza mwisho wa 2021 kwamba ile 1D X Mark III yao ya 2020 ndiyo kubwa yao ya mwisho yenye kioo.

"Mjomba, watengenezaji wenyewe wameshafukia."

"Na kilichofukiwa," nikamjibu, "bei yake inashuka."

Hapo akanyamaza, maana yeye ni mfanyabiashara, na hoja ya bei haipingwi Eastleigh.

Nilikuwa na hoja nyingine, ya betri. Ile isiyo na kioo aliyokuwa akinisukumia, Canon M50, betri yake ikijaa ni picha kama 235. Canon 700D ya kioo, ya mwaka 2013, betri yake ni kama 440. Mtu wa Nairobi akiambiwa hivyo huinua mabega. Atachaji kwenye mkahawa. Mimi nachaji umeme unapojisikia vizuri. Halafu ile runinga ndogo nayo inakula betri wakati wote unapochungulia, hata kama hupigi, na hirola ni mnyama wa kuchunguliwa sana na kupigwa kidogo. Nikafunga mjadala: ya kioo, mtumba, na lenzi ndefu ya 75 hadi 300, ile ya bei ya chini kabisa ambayo mwalimu wa fizikia alipoisikia alitoa sauti ya mtu aliyemeza nzi. Kwa sensa ile ndogo, akakiri kwa shingo upande, 300 inakuwa kama 480. Udogo wa sensa, uliokuwa aibu wiki nzima, ukageuka kuwa sifa.

Nilisafiri likizo ya katikati ya muhula. Masalani hadi Garissa kwa ile barabara ambayo mifupa yako inajitambulisha mmoja mmoja, kilomita kama 150, nikalala, kisha basi hadi Nairobi, na vituo vya ukaguzi njiani ambako kitambulisho kinatoka na kurudi mfukoni mpaka picha yako ya ujana inaanza kukuchoka. Duka lenyewe silitaji. Lilikuwa ghorofani, ngazi nyembamba, na kijana mwenye ulimi wa asali.

"Mzee wangu, hii ilikuwa ya daktari Mzungu. Alipiga maua tu. Jumapili."

Nikaishika. Ilikuwa na uzito wa heshima. Mpira wa pale unaposhika kwa kiganja ulikuwa umelainika na kung'aa kama kiti cha matatu, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Maua hayatoi jasho jingi hivyo. Nikapiga picha moja ya kijana, moja ya ngazi, moja ya kiatu changu kwa bahati mbaya. Klak, klak, klak. Moyo ulikuwa umeshaondoka. Nikatoa elfu arobaini na mbili, akanipa na memori kadi ya bure, gigabaiti 64, "zawadi, mzee wangu."

Ndani ya basi nikazikagua picha zangu. Kamera hizi huzipa picha namba, na zikifika 9999 huanza upya na moja. Kijana alikuwa 9998. Ngazi ilikuwa 9999. Kiatu changu kilikuwa 0001. Yaani daktari Mzungu alikuwa amepiga maua mpaka mita ikagota, na Mungu ndiye ajuaye ilishagota mara ngapi kabla ya hapo. Nadhani alikuwa daktari wa harusi za Githurai.

Ile kadi ya zawadi nayo ilikuwa gigabaiti 64 kwa jina. Kwa tabia ilikuwa 8. Ilipokea picha zote kwa adabu, na zilizozidi ilizitupa, ukifungua unakuta kijivu.

Kituo cha ukaguzi cha kurudi, askari kijana akaiona kamera mapajani mwangu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kupiga picha, afande."

"Picha za nani?"

"Hirola."

Akaandika kitu. "Huyo Hirola anakaa wapi?"

"Ishaqbini."

"Anajua unamfuata?"

Basi zima lilikuwa limenyamaza kwa starehe. Mama mmoja nyuma yangu akanitetea kwa sauti, akasema hirola ni mnyama, na maalim huyu ni mtu mzuri tu, ana ugonjwa wa kupenda wanyama. Nikaachiliwa kwa misingi ya kiafya.

Mwezi wa kwanza sikumwona hirola hata mmoja, kwa kuwa habari ilikuwa imeshafika mjini kabla yangu. Asubuhi ya kwanza kabisa walikuwa wawili mlangoni, wanataka picha za paspoti. Nikawaambia sina mashine ya kuchapisha. Wakasema hilo watanisamehe, nipige tu. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimetundika shuka nyeupe ukutani na nimepiga watu 31, mbuzi wanne wa kuuzwa kwa picha, na cheti kimoja cha kuzaliwa. Mzee mmoja alitaka nimtoe akiwa Makka. Nikamwambia hizo zilikuwa kazi za marehemu Omar Said Bakor kule Lamu, aliyekuwa akikata picha kwa mkasi na kuziunganisha, akiwaweka watu mahali ambapo miguu yao haikuwahi kufika. Mimi sina mkono huo. Akaniangalia kwa masikitiko. "Kamera kubwa hivi," akasema, "na haifiki hata Makka."

Kisha ikaja harusi. Sikuombwa, nilitangazwa. Nikafika na betri mbili, moja ya asili na moja ya kuigiza. Bibi wa bi harusi akanisimamisha nje ya uzio. Ndani kulikuwa na ngoma, buraanbur inapigwa na vigelegele vinapaa, mashairi, rangi, dhahabu, kila kitu ambacho mpiga picha huota. Bibi akaniambia kwa upole kwamba huko ni kwa wanawake, na upande wangu ni ule pale, chini ya mti. Chini ya mti kulikuwa na wazee kumi na saba na pilau. Nimepiga picha 212 za pilau. Ninayo pilau kabla ya kuguswa, pilau ikiguswa, pilau ikishambuliwa, na mkono wa mzee mmoja ukiwa umetua juu ya mnofu kama tai. Hiyo ya mwisho, nakiri, ni picha nzuri. Mzee mwenyewe anataka niifute.

Na vumbi. Wanaoandika juu ya kamera huzungumza habari za vumbi kama watu wa bara wanavyozungumza habari za papa. Mimi nilibadilisha lenzi mara moja, nje, upepo wa saa tisa, sekunde nne. Tangu siku hiyo kila picha yangu yenye anga ina ndege watatu, pale pale, juu kulia. Hawapigi mabawa. Niliambiwa dawa yake ni kipuliza hewa cha mpira, na kwamba nisithubutu kugusa sensa kwa kitambaa wala kupuliza kwa mdomo, mate yataganda. Vipuliza hewa havijafika Masalani. Ila duka la dawa lina vile vya mpira vya kunyonya makamasi ya watoto wachanga, na kimoja ukikigeuza matumizi kinapuliza hewa safi kabisa. Muuzaji akanipongeza.

"Mashallah, maalim! Ana miezi mingapi?"

Nikatazama mkoba. "Miwili," nikasema.

"Analala vizuri?"

"Analala mchana kutwa. Tatizo ni usiku, namchaji."

Ndege mmoja akaondoka. Wawili wamebaki mpaka leo, nimewazoea.

Hatimaye nikaenda Ishaqbini. Nilipanga kufika saa kumi na mbili na nusu alfajiri, mwanga ukiwa bado wa dhahabu, kama vitabu vinavyoagiza. Mwenye bodaboda alipanga kufika saa nne. Tulifika saa tano. Askari wa wanyamapori, kijana wa hapa hapa, akatuongoza kwa mguu, upepo ukitupiga usoni ili harufu zetu zibaki nyuma, na akasimama ghafla na kunyoosha kidevu. Huku watu hawanyooshei wanyama kidole. Nilitazama kidevu kinakoelekea, sikuona kitu. Nikachungulia kwa lenzi, nikaivuta mpaka 300. Pale, mita kama mia mbili, walikuwa saba. Wamesimama chini ya mgunga, wamevaa miwani yao, wananikagua.

Sasa jambo hili hakuna hata mmoja kati ya wataalamu wangu aliyenitajia, si wa sensa, si wa ekari, si wa Eastleigh. Ardhi ya Ijara saa tano inachemka. Hewa inapanda kutoka mchangani kama mvuke wa sufuria, na lenzi ndefu inapokusanya mita mia mbili za hewa hiyo, kila kitu kinacheza. Miguu ya hirola ilikuwa inayeyuka. Pembe zilikuwa zinaogelea. Ungekuwa na kamera ya milioni moja, ungepata mtetemo wa milioni moja. Mpiga picha Mohamed Amin alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991 akarudi kazini na mkono wa bandia. Mimi nilikuwa na miwili, mizima, na kamera ikatikisika kama jani. Nikabonyeza. Klak. Kimya cha nyika kikavunjika, hirola saba wakageuka kwa pamoja, kwa nidhamu ya gwaride.

Ninayo picha. Mikia saba, myeupe, safi. Kitaalamu ni hirola, kwa maana ya kwamba sehemu iliyopo ni ya hirola.

Niliirudisha kamera nyumbani nikaiweka juu ya kabati. Na hapo ndipo lilipoanza jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Jirani yangu ni mzee wa ngamia, tunamwita Adeer sote, hata sisi tusio na udugu naye. Jioni moja alikuja kuniuliza hali, akaniona nje ya nyumba nikiifuta kamera kwa fulana. Betri ilikuwa imekufa. Umeme ulikuwa na siku yake ya tatu ya mapumziko.

"Maalim," akasema, "ile kitu inaona mbali?"

"Inaona, Adeer, lakini haina moto."

Akanyoosha mkono. Nikampa, kwa heshima tu, nikijua hatapata kitu. Tukatoka mpaka kwenye ule ukingo unaotazama mto. Adeer akachomeka fimbo yake mchangani, akaipumzisha lenzi juu ya panda ya fimbo, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, na akatulia. Mzee wa miaka sabini na ushee, na lenzi haikutikisika hata unywele. Vidole vyake vikaupata ule mduara wa mbele wa kulengea, vikauzungusha kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

"Naona," akasema.

"Unaona nini na haina betri?"

"Ngamia jike, ng'ambo. Anachechemea. Huyo ni wa shemeji yangu. Chapa yake iko shingoni. Wangu wako nyuma yake, wanne." Akazungusha tena. "Watano."

Nikaichukua nikachungulia mwenyewe. Kweli. Ile ya kioo haihitaji moto ili uone. Kioo ni kioo, mwanga unaingia na unafika jichoni, betri iwepo isiwepo. Na lenzi hii ya bei ya chini, ile iliyomfanya mwalimu wa fizikia ameze nzi, mduara wake unazungushwa kwa mkono mtupu, haumwombi umeme ruhusa. Katika 300 inakuza kama mara tano. Ile isiyo na kioo, aliyonihimiza mpwa kwa sauti za dakika saba, ingemwonyesha Adeer giza. Nilimpigia simu usiku ule ule kumweleza. Akasema, "Mjomba, umenunua kamera ya elfu arobaini na mbili ili uitumie ikiwa imezimwa?"

Kesho yake Adeer alikuja baada ya swala ya alasiri. Keshokutwa akaja na shemeji yake. Wiki iliyofuata akaja mjukuu peke yake: "Maalim, awoowe anasema umpe ile kitu." Nilimpa. Mbuzi wa mama fulani alipopotea kwenye mathenge, kamera ilikwenda kumtafuta. Mvua ziliponyesha juu, mto ukaanza kupanda, kamera ilikwenda kuangalia maji yamefika mti gani. Siku hizi inaondoka bila betri kabisa. Betri Adeer alinirudishia, akasema inaongeza uzito. Ule mkanda wa shingoni wenye jina la kampuni ameutoa, ameweka wa ngozi ya mbuzi. Ni mzuri kuliko wa kwanza, siwezi kulalamika, na hilo nalo linaniudhi.

Jana magharibi anga ilikuwa ya aina yake. Mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa Tana, jua likapenya chini yake, mto mzima ukawa shaba, na ng'ambo kulikuwa na mitumbwi miwili imesimama kama imepangwa. Niliruka kitandani, nikafika kabatini, kabati tupu. Nikavaa ndara nikaenda kwa Adeer mbio mbio, nimeshika betri yangu mkononi kama mtu aliyebeba yai.

Alikuwa ameketi nje, kamera iko mapajani, kidole cha mtu mwingine kimeacha alama ya hina kwenye kioo cha mbele. Nikamwamkia. Nikamwambia, kwa adabu zote nilizolelewa nazo Witu, kwamba kama haitakuwa taabu, naiomba ile kitu.

Adeer akanivutia kigoda. Akanimiminia chai ya maziwa, akaiongeza sukari. Kisha akaniuliza naitaka kwa muda gani.